Damu Iliyokataa Kuganda

Kaka yangu aling'atwa na nyoka asubuhi, akanywa uji, akaenda kupima pamba. Kila ninaposimulia habari hii watu hunikatiza hapo hapo. Wanataka mtu aking'atwa na nyoka aanguke, atoe povu, avimbe. Yeye hakuanguka wala hakuvimba. Alibeba viroba vyake vya pamba mpaka kituo cha kununulia, akasimama kwenye foleni akipiga soga na wenzake, akarudi nyumbani kula.

Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyebaki kijijini, nje kidogo ya Dutwa, akalima pamba na mahindi, akachunga ng'ombe na kumtunza mama. Mimi nilisoma, na kwa miaka mingi sasa nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Bariadi mjini. Alipenda kuniita mwalimu hata tukiwa wawili tu jikoni kwa mama, na aliniita hivyo kwa sauti ya mtu anayejisifia kitu alichokinunua mwenyewe. Kwa kiasi fulani alikuwa amekinunua kweli, maana nilipokuwa shule jembe lilikuwa mikononi mwake.

Asubuhi hiyo mama alimwambia zizi limelegea upande mmoja, fisi atapita. Akachukua panga akaenda kukata matawi ya mgunga uliosimama mpakani, kati ya shamba letu na shamba la bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake. Mti ule ulijaa viota vya mnana, na kumbe ndani ya viota alikuwamo nyoka wa kijani aliyekuja kula makinda. Kaka alipopanda na kushika tawi, nyoka akamkamata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Aling'ang'ania kama mtu anayetafuna muwa," alinisimulia baadaye. "Nikamkung'uta, hatoki. Nikamsukuma kwa ubapa wa panga ndipo akaachia."

Kwetu nyoka anayeogopwa ni moma, na swila anayetema mate, na koboko ambaye watu hata hawapendi kumtaja. Wa kijani wa kwenye miti hatishi mtu. Watoto humfukuza kwa vijiti. Hata hivyo wifi yangu, mke wake, alimlazimisha aende zahanati. Muuguzi akamsafisha kidonda, akamchoma sindano ya pepopunda, akamkalisha kwenye benchi hadi adhuhuri akikitazama kile kidole. Kilikuwa na matundu mawili madogo, basi. Akamwambia aende, ila akiona badiliko lolote arudi upesi, na kaka akatoka hapo akaenda kupima pamba yake.

Jioni alinipigia simu kunieleza habari za pamba, na mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu cha kuchekesha, akanieleza habari za nyoka.

"Mkono umevimba?" nikamwuliza.

"Mkono huu hapa, nimeshikia simu."

Kesho yake alipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Akasukutua kwa maji, maji nayo yakatoka mekundu. Alidhani ni ufizi. Alipokuja kutazama kidole, yale matundu mawili yalikuwa yamefunguka upya na kutiririsha damu nyembamba, si nyingi, lakini isiyokoma. Akafunga kitambaa, kikalowa. Akafunga kingine. Wifi alipoona kitambaa cha tatu, akamwachia mama watoto, akapanda nyuma ya pikipiki, na kaka akaiendesha mwenyewe mpaka mjini.

Nilikuwa naanika nguo uani. Nikamwona ameingia na kikombe cha plastiki mkononi, anatema ndani yake kila baada ya hatua chache, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuchafua uwanja wa watu.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu, akatabasamu. Katikati ya kila jino na jino kulikuwa na mstari mwekundu.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakuuliza kwanza kuhusu maumivu. Aliuliza nyoka alikuwa na sura gani.

"Wa kijani. Mrefu. Ana macho makubwa kama ya ndege."

"Aling'ata akaachia, au alitafuna?"

"Alitafuna."

Daktari akavaa glavu. Kisha akachukua kichupa cha kioo, kikavu, kisicho na dawa yoyote ndani, akamtoa kaka damu kidogo akaimimina humo. Akanigeukia mimi.

"Wewe ni ndugu yake wa damu? Naomba na yako, tulinganishe."

Vichupa viwili vikasimamishwa kwenye ubao wa dirisha. Daktari akasema visiguswe wala visitikiswe kwa dakika ishirini. Tulikaa tukivitazama. Nje kulikuwa na kelele za bajaji na mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma. Kaka alikuwa akitema kwenye kikombe, wifi akimshika mkono wa kulia, mimi nikiangalia damu mbili zilizotoka tumbo moja, na sikuweza kuzitofautisha kwa rangi.

Muda ulipotimia daktari akainamisha kichupa changu. Damu haikumwagika. Ilikuwa imeshikana kama ini la kuku. Akainamisha cha kaka, na damu ikateremka ukutani mwa kioo kwa wepesi, kama juisi ya rozela.

"Ya kwake imesoma, imetulia," kaka akasema akinionyesha kwa kidevu. "Yangu bado inachunga."

Wifi alicheka. Mimi nilikuwa naelewa nilichokiona, na sikucheka.

Daktari aliniita kwenye korido. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akashusha pumzi, sijui kwa nafuu au kwa huruma.

"Basi utanielewa upesi. Unafundisha kapilari?"

"Kila mwaka."

"Unajua kwa nini damu haigandi huko ndani, ingawa inapita taratibu na mahali pamebana."

Nilijua. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, nyembamba ili hewa na chakula vipite kwenda kwenye nyama, na taka zirudi. Lakini ukuta huo haukai kimya. Uso wake wa ndani ni laini, na unatoa vitu vinavyoiambia damu iendelee na safari, isisimame. Ukuta ukipasuka ndipo damu inagusa kile kilicho nje yake, na papo hapo inaanza kujishona. Nimechora mchoro huo ubaoni mara nyingi kiasi kwamba mkono unauchora wenyewe.

"Sumu ya nyoka huyu haitafuni nyama," daktari akasema. "Ndiyo maana mkono haukuvimba. Inaingia kwenye damu na kuiamuru igande kila mahali kwa pamoja. Ule ukuta unakataza, lakini amri ni kubwa kuliko katazo. Vinatokea vibonge vidogo sana, huvioni, ndani ya mishipa midogo mwili mzima. Mwili unaviyeyusha, vinatokea vingine. Kufikia leo vifaa vyote vya kugandisha vimekwisha. Sasa hata tundu dogo kama ncha ya sindano halina cha kuzibia."

"Na dawa?"

"Dawa ya nyoka tuliyonayo ni ya moma, swila na koboko. Haimjui huyu. Ya kwake hutengenezwa mbali, nje ya nchi. Nitapiga simu kila ninakojua."

Alipiga. Nilimsikia akipiga, mlango ukiwa wazi, akieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kiswahili. Kila mara aliishia kusema, "Naelewa. Asante hata hivyo."

Kilichobaki kilikuwa damu. Damu ya watu wengine, mbichi, yenye vifaa vyake vya kugandisha, imwingie ili imsaidie mpaka sumu iishe nguvu. Nikawapigia walimu wenzangu, nao wakawapigia wengine. Walikuja walimu, wakaja waimbaji wa kwaya ya kanisani kwetu, wakaja vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu ambao mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Walikaa kwenye benchi la maabara wamekunja mikono ya mashati, wengine wakiwa na kofia ngumu mapajani. Niliwanunulia soda.

Damu ya kwanza ilipoingia, kichupa cha dirishani kilionyesha dalili. Haikushikana kabisa, lakini ilikuwa nzito, ilisita kabla ya kuteremka. Ufizi ukapunguza kutoka damu. Kaka akaomba ugali. Wifi akampigia mama simu na kumwambia mambo yanakwenda vizuri, mama akaimba kwenye simu, tukaisikia sauti yake ikikatikakatika kwa mtandao mbovu. Jioni damu ya kichupa ikawa tena maji. Sumu ilikuwa bado imo, na kila tulichotia ilikila.

Siku zilizofuata niliona kwa macho kile ambacho vitabu hukieleza kwa mchoro. Muuguzi alimfunga mkanda wa kupimia presha, na alipoufungua, mkono wote chini ya mkanda ulikuwa umejaa nukta nyekundu, ndogo kuliko punje za ulezi, zimejipanga hadi pale mkanda ulipoishia kisha zikakatika kama zimepigiwa rula. Kila nukta ilikuwa kapilari iliyovuja. Mtu mzima yeyote hupata nyufa za namna hiyo kila siku, akiinua ndoo, akipiga chafya, akikaa kwenye jiwe, na hajui kamwe, kwa sababu zinazibwa kabla hajajua. Za kaka hazikuzibwa.

Asubuhi moja wifi alikuwa anamgeuza kitandani ili abadilishe shuka. Alimshika begani, kwa upole tu. Baada ya muda alama ikatokea pale pale. Vidole vinne na kidole gumba, vya bluu inayoelekea nyeusi. Wifi aliutazama mkono wake, akatazama lile bega, akaweka mkono juu ya alama na ukaenea sawasawa. Tangu hapo hakumgusa tena. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, mikono ameibana katikati ya magoti, na kaka alipomwuliza kwa nini amekaa mbali akasema kuna joto.

Mkojo wake uligeuka rangi ya soda nyeusi, kisha ukapungua, kisha ukakoma. Daktari alinieleza kwamba vile vibonge vidogo vimeziba mishipa ya kuchujia ndani ya figo. Nilifikiri jinsi mambo mawili yaliyo kinyume yalivyokuwa yakimuua kwa pamoja. Damu ilikuwa inaganda pale isipotakiwa, na pale ilipotakiwa haikuganda.

Wakati huo wote akili yake ilikuwa timamu. Alizungumza habari za ng'ombe. Aliniambia nikifika nyumbani nimwombe radhi yule bibi jirani, maana wiki chache kabla maksai wetu waliingia kwenye mtama wake wakala sehemu nzuri, na walirushiana maneno njiani, mbele ya watu.

"Alinikasirikia sana," akasema. "Akaniambia utaona. Na haki yake, mtama ulikuwa umeshazaa. Mwambieni nitamlipa mtama."

Nikamjibu utamwambia mwenyewe. Ndivyo watu wanavyojibu wodini.

Mchana wa siku iliyofuata alilalamikia kichwa. Alisema kinamuuma upande mmoja kama kuna mtu anakifungua kwa patasi. Alitapika. Akaanza kusema Kisukuma tupu, akimwita baba yetu aliyekwisha kufa, akimwambia ng'ombe wamevuka mto. Kisha akalala, na pumzi ikawa ya kukoroma, na alasiri ilipoisha ikakata. Wifi ndiye aliyeinuka kwenye kiti na kumshika mkono, kwa nguvu kabisa, kwa mikono yake yote miwili.

Daktari alisema mshipa mdogo ulipasuka kwenye ubongo. Alisimama nasi muda mrefu kuliko ilivyompasa.

Tulimpeleka nyumbani kwa gari la kukodi, tukapita kati ya mashamba ya pamba iliyokuwa imepasuka nyeupe pande zote mbili za barabara. Watu walikuwa wanavuna. Walisimama na vikapu vyao gari lilipopita, wengine wakavua kofia.

Wanaume waliomwosha ndio walioanzisha jambo la pili. Baba mdogo alitoka nyuma ya turubai, akaja mpaka tulipoketi wanawake, akasema mbele ya wote:

"Huyu hakuuawa na nyoka. Njooni muone. Mgongo wote mweusi. Ana alama za vidole begani. Huyu amepigwa, na waliompiga hatuwaoni."

Kisha minong'ono ikaanza. Nyoka wa kijani hana sumu, kila mtu anajua. Hakuvimba hata kidogo, alikwenda mpaka kupima pamba, sasa kafaje? Mti uko mpakani na nani? Nani alimwambia utaona? Sikusikia mtu akilitaja jina la bibi jirani, na halikuhitaji kutajwa. Alikuwa ameketi peke yake karibu na ghala, amejifunika kanga, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka yote aliyopika kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua. Niliona wanawake waliokuwa karibu naye wakisogeza mikeka yao.

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe hofu iliyonipata. Mimi nimekulia huku. Nilipokuwa msichana, mwanamke mzee wa kijiji cha pili alikutwa shambani kwake amekatwakatwa, na makosa yake yalikuwa macho hayo hayo mekundu, ambayo kwetu watu huyaita ya mchawi.

Baada ya maziko, sungusungu wa kijiji wakaita watu wakae. Walikuja na fimbo zao na mapanga kiunoni, kama kawaida ya kazi yao ya kulinda ng'ombe. Katekista aliyeongoza maziko alisali akaondoka mapema. Nikaomba nafasi ya kusema. Kamanda wao, mtu mzima aliyecheza na kaka utotoni, akaniruhusu kwa kuwa nilikuwa dada wa marehemu.

Sijawahi kufundisha kipindi kigumu kama kile. Ilinibidi nifundishe kwa Kisukuma, na Kisukuma changu cha mambo hayo hakina maneno. Nikaanza na mpunga. Nikawauliza, maji yakitoka mtoni yanafikaje kwenye shina la mpunga? Mtu mmoja akajibu, kwa mfereji. Na baada ya mfereji? Kwa vijito vidogo, kisha yanatuama ndani ya jaruba, yananywewa na udongo. Nikasema mwili ni hivyo hivyo. Damu inatoka moyoni kwa mifereji mikubwa, inafika kwenye vijito vyembamba kuliko unywele, huko ndiko inakoacha chakula na pumzi, inabeba uchafu inarudi. Kuta za vijito hivyo ni laini sana. Vinapasuka kila siku, kwako, kwangu, na damu yenyewe inatengeneza tope la kuziba. Sumu ya yule nyoka imelimaliza tope lote. Imelitumia ovyo, ndani ndani, mahali pasipopasuka.

"Zile alama za vidole begani," nikasema, "ni za mke wake. Alikuwa anamgeuza. Nilikuwapo nikaona. Mwiteni."

Wifi alisimama, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Aliinua mkono wake wa kulia, akautandaza vidole, ili wote wauone.

Baba mdogo alilia pale. Nikaona kwamba ameelewa, na kwamba wengi wameelewa. Hapo akasimama mtu mmoja wa makamo, jirani wa upande wa pili, hakuwa na hasira hata kidogo, aliuliza kama mwanafunzi mzuri.

"Mwalimu, tumekusikia. Nyoka alimuua, na umetuonyesha namna alivyomuua. Lakini mti ule watu wanaukata kila mwaka. Watoto wanaupanda kila siku. Nani alimwambia nyoka asubuhi ile amng'ate yeye?"

Baiolojia yangu ilikuwa imefika mwisho wa shamba lake. Nilifungua mdomo nikaanza kusema habari za makinda ya mnana, na nikasikia jinsi maneno yangu yalivyo mepesi mbele ya watu waliotoka kumfukia mwenzao. Fimbo zikaanza kusogezwa. Watu walikuwa wanageuza vichwa kuelekea kwenye ghala.

Mama ndiye aliyesimama. Wanawake wawili walitaka kumshika, akawaondoa. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, mbele ya kamanda.

"Mnatafuta aliyemtuma," akasema. "Mimi nilimtuma. Niliamka nikaona zizi limelegea, nikamwambia mwanangu, kakate matawi mpakani. Hakutaka, alitaka aende kwenye pamba kwanza. Nikamwambia hapana, kata kwanza. Kama kuna mtu wa kuulizwa, ni mimi. Nianzeni mimi."

Kamanda akainamisha kichwa. "Mayu, mama yangu, kaa chini."

"Sikai mpaka mseme. Ni mimi au si mimi?"

"Si wewe, mayu."

"Basi si mtu."

Akamwendea yule bibi, akaketi kwenye mkeka wake, bega kwa bega, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Watu walikaa kidogo, kisha mmoja mmoja wakaanza kwenda. Mama alilala kwa yule bibi siku zote za matanga. Alisema nyumba yetu imejaa watu, hapati usingizi.

Nilirudi Bariadi nikidhani tumeshinda. Haikupita muda mrefu mama akanipigia. Mtu alikuwa amechomoa nyasi za paa la bibi upande mmoja, na mbuzi wake wawili walikutwa wamekatwa mishipa ya miguu. Hakuna aliyeona. Kamanda alikuja, akahoji, akaondoka. Mama akasema, "Hawezi kukaa hapa, na mimi siwezi kumlinda kila siku. Nimezeeka."

Nilikwenda kumchukua. Alikuwa na binti aliyeolewa na mvuvi Lamadi. Vitu vyake vyote vilitosha kwenye kiroba kimoja na sufuria, na mama alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba ile sufuria. Walipoagana hawakukumbatiana. Walishikana mikono, wakasalimiana upya kwa Kisukuma, salamu ndefu zote za nyumba na watoto na mifugo, kama ndio wanakutana, mpaka basi likapiga honi.

Njiani nilimpa ujumbe wa kaka. Nikamwambia aliomba radhi kwa mtama.

Aliishika vizuri sufuria yake mapajani.

"Nilimwambia ataona," akasema. "Nilitaka kusema atanilipa. Kila mtu husema hivyo."

"Najua, bibi."

"Wewe unajua."

Mti wa mpakani vijana waliukata kabla mvua hazijaanza, wakauchoma na mizizi yake. Mama hakuwazuia. Shamba la bibi lilikaa bila mlimaji, magugu yakaota, na ng'ombe wa kila mtu wakawa wanalishia humo. Wifi bado yupo na mama. Pamba ya msimu ule iliyobaki shambani ilivunwa na wanakwaya, na iliyofuata aliilima mwenyewe na watoto wake.

Mwaka jana nilipita Lamadi kwa shughuli za mitihani, nikamtafuta yule bibi. Nilimkuta ufukweni na wanawake wengine, anatandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu. Alikuwa amekonda na mgongo umepinda, lakini alinitambua kwa sauti. Aliuliza habari za mama, za wifi, za watoto. Hakuuliza habari za nyumba yake.

Tulipokaa kidogo akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kuniuliza.

"Aliumia?"

"Kichwa, siku ya mwisho," nikamwambia. "Kabla ya hapo alisema hana maumivu. Alikuwa anatoka damu tu."

Akatikisa kichwa taratibu. Mwanamke mmoja mwenzake akamwita, upepo ulikuwa unapeperusha dagaa upande wa pili. Akaniomba radhi, akainuka kwa kushika magoti, akaenda kuwakusanya.